Anayevuta Sigara Laini Ameshaanza Kuogopa

(Mazungumzo na wakazi wa Ngamiani, Tanga, baada ya swala ya alasiri. Yameandikwa karibu kama yalivyosemwa, pamoja na maswali ya mwisho.)

Assalaam aleikum. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Vijana wa bodaboda mlioegesha pale nje, na ndugu zangu wavuvi mliotoka Deep Sea na Sahare mkaja na nguo za kazi, karibuni. Ingieni mpaka mbele, viti vipo.

Nimeombwa nizungumzie tumbaku. Kwamba tumbaku inaua mmeshasikia, na pakiti yenyewe inasema, kwa hiyo sitawarudisha huko. Leo nina neno na watu wa aina moja. Ni wale ambao ukiwauliza, "Vipi, bado unavuta?" wanakujibu, "Navuta, lakini siku hizi natumia laini."

Jibu hilo nalisikia zahanati, nalisikia kwenye mabaraza ya kahawa, nalisikia kwenye daladala za Pongwe. Na anayelisema hulisema kwa uso uliotulia, kama mtu aliyekwisha kulipa nusu ya deni. Huyo simcheki, wala sikuja kumsema. Ana akili zake na ana hofu ya haki. Amesikia kifua kinambana akipanda ngazi, au amemzika mwenzake, au mjukuu amemwambia, "Babu, unanuka moshi." Amefikiri, kisha akachukua hatua. Uchungu wangu ni kwamba hatua hiyo alitengenezewa na watu wanaomuuzia sigara.

Ni nani hasa anayechagua laini? Mwaka 2002 wavutaji wa nchi nne, Canada, Marekani, Uingereza na Australia, waliulizwa maswali kuhusu sigara hizi. Walioelekea kuzivuta walikuwa zaidi wanawake, watu wazima kuliko vijana, waliosoma, wenye kipato kizuri kidogo, na wale wenye hamu ya kuacha. Na kwa jumla kama nusu ya wavutaji walioulizwa waliamini kwamba sigara nyepesi, yaani hizi laini, zina nafuu fulani kwa afya. Uingereza walioamini hivyo walikuwa wengi kuliko nchi zile nyingine.

Lishikeni hilo la hamu ya kuacha. Kijana wa miaka 18 anayevuta kwa kujionyesha haulizi kali wala laini, anavuta anachopewa. Anayeuliza ni mtu ambaye moyoni mwake ameshasimama mlangoni anataka kutoka. Na hapo hapo mlangoni ndipo alipowekewa sigara hii.

Hapa kwetu nawaona kila wiki. Mzee anayekohoa alfajiri mpaka majirani wanajua ameamka. Mwalimu anayepulizia manukato kabla ya kuingia darasani. Mchezaji wa mtaani anayekatika pumzi kipindi cha pili. Na wapo wanawake, tusijifiche. Utafiti wa taifa wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa asilimia 8.7 ya watu wazima Tanzania wanatumia tumbaku, kwa kuvuta, kunusa au kutafuna. Kwa wanaume ni asilimia 14.6, kwa wanawake 3.2. Maana yake karibu mwanamke mmoja katika kila thelathini. Pwani yetu mwanamke akishika sigara hadharani anasemwa, basi anayevuta huvutia uani, usiku, na huchagua ile nyembamba, au ile ya mentholi, ile baridi, kwa sababu haikwarui na hainuki sana. Haendi kumwambia daktari. Mama zangu, kama yuko humu ndani, sitamtazama usoni. Nataka asikie tu.

Sasa naomba mniangalie mkononi. Nimekuja na sigara mbili, na sitaziwasha. Hii muuzaji anaiita kali. Hii anaiita laini. Nimezibandua ile karatasi ya rangi inayozungushiwa kichungi. Kijana, niwashie tochi ya simu yako hapa nyuma. Hivyo hivyo. Mzee, sogea uone.

Karatasi ya ile kali mwanga hauipenyi. Hii ya laini ina mstari wa vitundu, umezunguka duara zima, kama upana wa kidole kutoka pale mdomo unaposhika. Bila tochi huvioni. Mtu anaweza kuvuta miaka 20 asijue kwamba vipo. Wepesi mnaoununua, sehemu yake kubwa ni vitundu hivi. Mvutaji akivuta, hewa ya nje inaingia kwa hapa, inachanganyika na moshi, na moshi unafika kinywani ukiwa umezimuliwa.

Mtaniuliza, basi si vizuri? Vingekuwa vizuri kama sigara ingevutwa na mashine. Na kwa kweli ilikuwa inavutwa na mashine. Kuanzia mwaka 1967 Marekani, tume ya serikali inayosimamia biashara ilikuwa na kipimo chake: mashine inabana sigara kwenye ncha, inavuta sekunde 2, mililita 35 za moshi, inatulia, dakika ikitimia inavuta tena. Mwishoni wanapima lami, ule uchafu mzito wa kunata wa moshi, na nikotini, ile inayomfanya mtu azoee sigara. Hivyo ndivyo zilivyopatikana zile nambari zilizokuwa zikitangazwa, miligramu ngapi za lami, na pakiti yenye nambari ndogo ikaitwa nyepesi. Mashine haina vidole. Haina midomo minene. Haina kiu. Haikupigwa na upepo wa kusi. Mwaka 2008 tume ile ile ya serikali ya Marekani ikauondoa mwongozo wake, baada ya kukubali kwamba nambari zile hazimwambii mvutaji kile anachokivuta yeye.

Ndugu zangu wavuvi, nionyesheni mnavyoshika sigara baharini. Angalieni huyu bwana. Moto ameuficha ndani ya kiganja, vidole vimekifunika kichungi chote, na midomo imeingia ndani mpaka nusu ya kichungi, maana upepo usipofanyiwa hivyo unaivuta sigara wenyewe. Vile vitundu viko wapi? Viko chini ya vidole na midomo. Vimezibwa vyote. Bwana huyu amelipia laini, anavuta kali, na hajui. Wala si wavuvi peke yao. Dereva aliyeshika usukani kwa mkono mmoja, mama anayevuta haraka haraka nyuma ya choo, wote wanabana hapo hapo.

Nina ushahidi mwingine, ni mchafu kidogo, mtanisamehe. Hivi ni vipisi viwili vya sigara ya laini, nimeviokota jana barazani. Vitazameni kwa upande wa mdomo. Hiki cha kwanza kina doa la kahawia katikati, na pembeni pamebaki duara jeupe. Huyu vitundu vyake vilikuwa wazi, hewa ilikuwa inapita pembeni. Hiki cha pili ni kahawia kutoka ukingo mpaka ukingo, hakuna jeupe. Huyu aliziba. Kila mmoja wenu anayevuta akifika nyumbani akitazame kipisi chake. Hahitaji daktari kumwambia.

Haya, tuseme una vidole vyembamba na unavutia ncha kabisa, vitundu vyako viko wazi. Bado hujapona. Nikotini ikivutwa inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, kama 10 hivi, na ubongo wa mvutaji unakijua kipimo chake. Ukiupa pungufu, unadai. Haukuombi kwa maneno. Unajikuta umevuta pafu refu zaidi, umeushikilia moshi kifuani, umevuta mpaka kwenye kichungi badala ya kutupa, na kabla ya kahawa kwisha umewasha nyingine. Wengi wanaohamia laini wanajaziliza hivyo bila kujua, mpaka mwili unapata kile kile ulichozoea. Tofauti ni kwamba moshi sasa umevutwa chini zaidi.

Nataka nikae hapa kidogo, maana ndipo panaponiuma. Sigara ya zamani ilikuwa inakwarua, watu hawakuweza kuivuta mpaka ndani sana. Iliyolainishwa inashuka mpaka kwenye vijitawi vya mwisho vya mapafu. Madaktari waliona katika miongo iliyofuata kwamba aina moja ya saratani ya mapafu, ambayo mara nyingi huanzia pembezoni mwa pafu, inaongezeka kwa wavutaji. Ripoti ya mwaka 2014 ya Daktari Mkuu wa serikali ya Marekani ikasema kwamba mabadiliko ya namna sigara zinavyotengenezwa tangu miaka ya 1950 yameongeza hatari ya saratani hiyo, na vichungi vyenye vitundu vikatajwa miongoni mwa vinavyoshukiwa. Wakati watu wanaambiwa wanavuta kitu chenye nafuu, ugonjwa ulikuwa unahamia mahali pengine ndani ya pafu lile lile.

"Lakini mimi nasikia tofauti," mtu ataniambia. "Hii hainikoholeshi." Kweli, nakuamini. Koo lako halisemi uongo, linasema kile lililohisi. Moshi uliochanganywa na hewa haukwarui. Na mentholi inagusa mishipa ile ile ya fahamu inayohisi baridi, ndiyo maana unahisi kama umetafuna mnanaa, wakati moshi ni moshi. Kikohozi kilikuwa kinakuonya. Sasa hakikuonyi, na kinachopita ni lami, ni ile hewa ya sumu ya kaboni monoksidi, ni zile kemikali zaidi ya 7,000 za moshi wa tumbaku, ambazo karibu 70 zinajulikana kwamba zinaleta saratani. Vijana wa shisha, na nyinyi mmo: kupitishwa kwenye maji kunaupoza moshi, hakuusafishi.

Mtu wa haki atauliza: waliotengeneza walijua? Mwaka 1950 madaktari wa Uingereza na wa Marekani walichapisha tafiti zilizoifunga sigara na saratani ya mapafu. Watu wakashtuka. Kampuni zikajibu kwa kichungi. Mwaka 1952 kampuni ya Lorillard ya Marekani ikatoa sigara ya Kent, ikaitangaza kwa kinga ya kichungi chake. Ndani ya kichungi kile mlikuwa na asbesto ya bluu, madini ya nyuzinyuzi ambayo yenyewe yanaleta saratani. Iliuzwa hivyo mpaka mwaka 1956. Mtu aliyeogopa, akatafuta usalama, akauziwa asbesto aivute! Ndugu zangu, mimi jambo hili kila nikilisema napandwa na hasira, na sitaki hasira hiyo initoke.

Baada ya kichungi zikaja nyepesi. Mwaka 2006 Jaji Gladys Kessler wa Washington alitoa hukumu katika kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya kampuni kubwa za tumbaku, hukumu ya kurasa zaidi ya 1,600. Alikuta kwamba kampuni zilijua kuwa sigara hizi hazina nafuu kwa afya, zilijua kuwa wavutaji hujaziliza, na ziliendelea kuzitangaza ili watu wenye wasiwasi wasiache. Rufaa zikachukua miaka. Ilipofika mwishoni mwa mwaka 2017 ndipo kampuni zikalazimika kutangaza magazetini na kwenye televisheni, kwa fedha zao, kwamba sigara nyepesi zina madhara kama nyingine. Kati ya hukumu na tangazo hapo, hesabuni wenyewe ni miaka mingapi, na ni watu wangapi walikufa wakiwa na pakiti ya laini mfukoni.

Maneno yenyewe yamepigwa marufuku kwingi. Umoja wa Ulaya uliyaondoa kwenye pakiti mwaka 2003, Marekani mwaka 2010. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2007, unazitaka nchi zizuie majina yanayomfanya mtu aamini kwamba sigara hii ina madhara kidogo kuliko ile. Kampuni zikabadilisha rangi. Marlboro Lights ikawa Marlboro Gold, na mvutaji hakupotea njia hata siku moja. Rangi nyeupe, ya fedha, ya bluu hafifu, mtu akiitazama anajisemea mwenyewe, hii ndiyo ile laini.

Na sisi Tanga hata rangi hatuioni. Wengi wetu tunanunua moja moja, kwa yule kijana mwenye sanduku la pipi, karanga na sigara. Pakiti inabaki kwake, na onyo linabaki kwake. Anakuuliza, "Kali au laini?" na wewe unajibu kama unavyojibu chai ya maziwa au ya rangi. Wewe kijana unayeuza, ukiwa humu, sikulaumu riziki yako. Nakuomba kitu kimoja: mtu mzima akikuuliza ipi ina nafuu, mwambie ukweli kwamba hakuna.

Sasa kama kuna mtu bado anataka hesabu, ipo moja kubwa. Watu zaidi ya 900,000 wa Marekani walifuatiliwa kuanzia mwaka 1982 kwa miaka sita, na matokeo ya saratani ya mapafu yakachapishwa mwaka 2004. Waliovuta sigara kali kabisa zisizo na kichungi walikufa zaidi kwa saratani ya mapafu, hilo ni kweli na lazima niliseme. Lakini kati ya wavutaji wa sigara za kichungi za kawaida, za nyepesi na za nyepesi sana, hatari ilikuwa ile ile. Na wote hao ukiwaweka karibu na watu waliokwisha kuacha, waliokuwa salama zaidi ni walioacha.

Basi wewe uliyehamia laini, hofu yako ilikuwa sahihi, na nia yako ilikuwa sahihi. Madaktari wa Uingereza walifuatiliwa tangu mwaka 1951 kwa miaka 50. Aliyevuta maisha yake yote alipoteza kwa wastani kama miaka 10 ya umri. Aliyeacha akiwa na miaka 60 aliokoa kama miaka 3, aliyeacha na 50 kama 6, aliyeacha na 40 kama 9, na aliyeacha na 30 aliokoa karibu yote. Wazee wangu mnaosema "mimi nimeshachelewa," miaka mitatu ni harusi ya mjukuu, ni Ramadhani tatu.

Na nikitaja Ramadhani, wavutaji wangapi humu wanafunga? Inueni mikono. Tazameni mikono ilivyo mingi. Kutoka alfajiri mpaka magharibi hamgusi sigara, jua la Tanga mnalijua, kazi mnafanya, na mwili unakubali. Tabu inakuja baada ya futari, kwa sababu niliyekaa naye anawasha na mimi nawasha. Hamu ikija kali hudumu dakika chache. Inuka, kanywe maji, nenda katawadhe, tembea mpaka kona urudi. Siku za kwanza ni ngumu, hasira zinapanda, usingizi unakatika, koo linawasha. Waambieni walioko nyumbani mapema ili wasije wakadhani mmewachukia. Chagua siku, itangaze, na usibaki na pakiti "ya akiba." Ukiteleza ukavuta moja, hukuharibu kazi yote. Kesho endelea. Zipo dawa za kusaidia hamu, mwulize daktari au mfamasia.

Maswali.

Mzee mmoja aliuliza kama asiyeweza kuacha afadhali avute laini kuliko ule msokoto wa tumbaku ya karatasi.

Mzee wangu, shikamoo tena. Msokoto usio na kichungi ni mbaya zaidi, siwezi kukuambia vinginevyo. Lakini ukitoka kwenye msokoto ukaenda kwenye ya kichungi, kisha ukatoka hapo ukaenda laini, hatua hiyo ya pili haikupi kitu. Usiihesabu. Na hilo la asiyeweza, mzee, umeshafunga Ramadhani ngapi?

Mama mmoja aliyekaa nyuma aliuliza: "Mume wangu alikuwa anamaliza pakiti. Sasa amehamia laini, anavuta mbili tu kwa siku, moja asubuhi na moja usiku. Nimwachie hapo, au nimsumbue?"

Mama, kwanza mpongeze, kutoka pakiti mpaka mbili si mchezo, na usimsumbue kwa kelele. Lakini usimwachie hapo. Tafiti zilizokusanywa na kuchapishwa mwaka 2018 zilionyesha kwamba hata sigara moja kwa siku inabeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayoibeba anayevuta 20. Madhara ya moyo hayapungui kwa kiasi kile kile unachopunguza sigara. Na kwa sababu amebakiwa na mbili, mwangalie anavyozivuta. Akizivuta polepole, kwa pafu refu, mpaka kwenye kichungi, basi anazivuna mbili kama nne. Kitazame kipisi chake kama nilivyowaonyesha. Kisha mkae naye akiwa ametulia, umwulize yeye mwenyewe ipi ni rahisi kuiacha kwanza, ya asubuhi au ya usiku. Wengi husema ya usiku. Aanze na hiyo wiki hii, ya asubuhi mpange siku yake, na siku hiyo atoke nyumbani mapema bila kupita penye kahawa.

Asiyependa kuuliza mbele za watu, nipo hapa nje mpaka magharibi.